Samaki wa mapambo: duka kubwa, duka la mtaani au mfugaji wa nyumbani?

Dar es Salaam, kama Nairobi, Mwanza au Arusha, mtu anayetaka samaki wa mapambo ana njia nne za kuwapata. Lipo duka kubwa lenye matangi yaliyopangwa ukutani kwa safu, taa za buluu na kiyoyozi. Lipo duka dogo la mtaani, chumba kimoja chenye matangi machache na ndoo zimejaa hadi mlangoni. Yupo mfugaji wa nyumbani anayezalisha gapi, beta au siklidi uani kwake na kuuza wakizidi. Na yupo muuzaji wa mtandaoni, ambaye unaona picha tu, kisha samaki wanakuja kwa bodaboda au kwa basi.

Nitawalinganisha wote, lakini nitakaa zaidi kwenye yale maduka mawili, kwa sababu ndiko wengi wanakoanzia na ndiko wengi wanakokata tamaa. Samaki wanakufa wiki ya kwanza, mtu anajilaumu, tangi linapelekwa stoo. Mara nyingi samaki wale walikuwa wameshaumwa kabla hajatoa pesa mfukoni. Kwangu mimi ubora wa duka la samaki unapimwa kwa kinachofanyika tangu siku samaki anapoingia dukani hadi siku anapouzwa, na vipimo vyote nitakavyovitaja hapa vinazitafuta siku hizo.

Tuanze na maji

Duka kubwa mara nyingi huunganisha matangi yake yote kwenye mfumo mmoja. Maji yanashuka kutoka kila tangi, yanapita kwenye kichujio kikubwa kilichofichwa chini, kisha pampu inayarudisha juu. Faida yake ni kubwa: maji yakiwa mengi hayachafuki ghafla, na samaki mmoja akifa usiku, sumu yake inatawanyika badala ya kuwaua wenzake waliobaki naye. Hasara yake ni kwamba vimelea navyo vinasafiri na maji hayohayo. Ukiona ugonjwa wa madoa meupe kwenye tangi moja la mfumo wa namna hiyo, hesabu kwamba matangi yote yameguswa, hata yale ambayo samaki wake bado wanang'aa. Uliza kama kuna taa ya UV, yaani ya mionzi inayoua vimelea, kwenye mzunguko wa maji, na uliza balbu yake ilibadilishwa lini, kwa kuwa balbu hizo hupoteza nguvu baada ya takribani mwaka mmoja ingawa bado zinawaka. Hata ikiwa mpya, inaua kile tu kinachopita mbele yake. Vimelea vilivyokwisha kumganda samaki haivifikii.

Duka dogo kwa kawaida lina kichujio cha sponji ndani ya kila tangi, kinachoendeshwa na pampu ya hewa. Hapo ugonjwa wa tangi moja unaweza kubaki kwenye tangi hilohilo. Lakini kila tangi lina hali yake: hili maji yake yako sawa, la pembeni yake lina amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, ya kutosha kuua. Itakubidi uyakague moja moja. Na faida yote ya kutenganisha maji inapotea pale muuzaji anapotumia kijavu kimoja kuvua tangi hadi tangi. Angalia jambo hili kabla ya jingine lolote. Duka makini lina kijavu cha kila tangi, au lina ndoo ya dawa, mara nyingi pamanganeti yenye rangi ya zambarau, ambamo kijavu huchovywa na kisha kusuuzwa kabla ya kwenda kwingine.

Mimi, kati ya mifumo hiyo miwili, nalipendelea duka dogo lenye vijavu tofauti kuliko duka kubwa lisilotenga samaki wapya. Duka kubwa linalowatenga wageni kwenye matangi yasiyounganishwa na mfumo, nyuma ya duka, linazidi yote. Omba kuonyeshwa matangi hayo. Mwenye nayo huonyesha kwa furaha.

Usidanganywe na maji maangavu. Amonia haina rangi, na naitraiti, ambayo bakteria huitengeneza kutokana na amonia hiyo, nayo haionekani. Vyote viwili vinapaswa kusoma sifuri. Kwa sisi wa pwani jambo hili ni zito zaidi, kwani kadiri maji yanavyokuwa ya moto na pH (kipimo cha asidi ya maji; ikipanda, asidi imepungua) inavyopanda ndivyo amonia inavyozidi kuwa sumu, na maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo. Tangi lililojaa samaki kupita kiasi linaweza kuvumilika Mbeya mwezi wa saba, lakini Dar mwezi wa pili ni hatari. Hapa duka kubwa huwa linashinda, kwa kuwa mara nyingi lina vipimo na litakupimia mbele yako ukiomba. Duka la mtaani linaweza lisiwe navyo. Omba maji kidogo kwenye chupa safi, ukapime nyumbani kabla ya kununua. Muuzaji akikataa kukupa maji yake, amekwisha kukujibu.

Rangi ya maji nayo ina maana. Maji ya buluu au ya njano kwenye tangi la kuuzia ni dawa. Dawa si kosa. Kosa ni kuuza samaki aliye katikati ya matibabu bila kumwambia mnunuzi. Tangi lenye karatasi iliyoandikwa "Hawauzwi" linanipa imani zaidi kuliko duka zima lisilo na mgonjwa hata mmoja, maana samaki wanaotoka safarini wakiwa wamebanana hawawezi wote kufika wazima kila mara.

Kuna jambo ambalo duka la mtaani linalo na watu hawalihesabu: chanzo cha maji. Kama duka lipo jirani na linatumia maji ya kisima yaleyale mnayotumia nyumbani, samaki wake wameshazoea maji yako. Visima vingi vya Dar vina chumvichumvi na madini mengi. Moli, gapi na siklidi wengi wanastawi humo. Neoni tetra, ambaye asili yake ni mito ya bonde la Amazon yenye maji laini na yenye asidi, atateseka. Duka linalotumia maji ya bomba linapaswa kukwambia linaondoaje klorini. Kuyaacha maji wazi kwenye ndoo siku nzima hutoa klorini ya kawaida, na matone ya thiosalfeti yanaiua papo hapo. Muuzaji akikwambia "tunamwaga tu moja kwa moja," ondoka.

Umeme ukikatika

Swali hili duka lolote la Afrika Mashariki lazima liulizwe: umeme ukikatika saa sita usiku, hapa kunatokea nini? Duka kubwa linaweza kuwa na jenereta, lakini nani anaiwasha usiku? Duka dogo linaweza kuwa na pampu za betri zinazojiwasha zenyewe, na hilo ni jibu bora kuliko jenereta iliyofungiwa. Kichujio kikisimama kwa saa nyingi, bakteria wanaosafisha maji huanza kufa kwa kukosa oksijeni, na samaki utakayemnunua Jumatatu anaweza kuwa ameponea Jumapili usiku kwa tundu la sindano.

Mtazame samaki bila haraka

Simama mbele ya tangi dakika kadhaa bila kusema kitu. Samaki wanaoona mtu huja mbele wakidhani wanaletewa chakula, na hiyo ni dalili njema. Tafuta yule aliyejitenga kwenye kona, aliyebana mapezi, anayejikwaruza kwenye mawe, au anayepumua juujuu karibu na uso wa maji. Beta na gurami wana kiungo cha kuvuta hewa ya juu, hivyo kwao kupanda na kushuka ni kawaida. Kwa gapi au goldifishi si kawaida hata kidogo.

Kisha angalia mwili. Vidoa vyeupe vya ukubwa wa chembe ya chumvi ni kimelea kiitwacho Ichthyophthirius, ambacho kwenye maji ya joto letu humaliza mzunguko wake kwa siku chache tu. Vumbi la dhahabu juu ya ngozi, ambalo utaliona vizuri ukimulika kwa tochi ya simu, ni kimelea kingine kibaya zaidi. Magamba yaliyosimama na tumbo lililovimba ni dalili za viungo vya ndani kushindwa, na samaki wa namna hiyo ni nadra kupona. Utando mweupe mdomoni mara nyingi ni bakteria wanaoenea upesi. Kwa gapi na moli, chungulia chini ya tumbo: nyuzi nyekundu zinazochomoza sehemu ya haja ni minyoo. Tumbo lililoingia ndani na mgongo uliokonda ni njaa ya siku nyingi au maradhi ya ndani.

Ukiona samaki aliyekufa, usikimbie mara moja. Duka lenye mamia ya samaki litakuwa na vifo. Kinachopima duka ni muda ambao maiti imekaa. Macho yakiwa bado maangavu, amekufa hivi karibuni na huenda mhudumu hajafika upande huo. Akiwa ameota ukungu na wenzake wanamla, hakuna aliyeyakagua matangi tangu jana. Kwa sababu hiyo nenda asubuhi, duka linapofunguliwa. Katika saa hiyo duka kubwa na duka dogo yanalingana kabisa, hakuna taa wala muziki wa kuficha kitu.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kula. Sema, "Kaka, naomba uwape chakula kidogo niwaone." Samaki mzima anakimbilia. Anayekitazama chakula kikimpita, au anayekitia mdomoni na kukitema, mwache hapohapo. Muuzaji mwema hatachukia ombi hilo.

Na wapo samaki ambao kuwakuta tu dukani kunatosha kuliondolea duka heshima. Samaki wa kioo, ambaye kwa asili mwili wake unapenyeza mwanga, huchomwa sindano za rangi ili awe na mistari ya pinki au kijani. Siklidi kasuku naye huingizwa rangi ya buluu au zambarau. Rangi hiyo inafifia baada ya muda, vidonda vya sindano vinaalika maradhi, na wengi hufa njiani kabla ya kufika dukani. Mwenye duka anayewaagiza ama haijui biashara yake, ama anaijua na hajali.

Samaki wapya na kishika uchumba

Uliza mzigo unaingia siku gani, kisha usinunue siku hiyo. Samaki aliyetoka kwenye ndege au kwenye basi amekaa saa nyingi kwenye mfuko, hajala, na maji yake yamejaa uchafu wake mwenyewe. Siku za mwanzo ndizo magonjwa yanapojitokeza. Duka la kuaminika linawashikilia wiki moja au zaidi kabla ya kuwauza. Duka la pupa linavua kutoka kwenye boksi la safari moja kwa moja hadi kwenye mfuko wako, na watu wanapanga foleni kwa sababu "mzigo mpya umefika."

Kama umempenda mmoja na unaogopa atachukuliwa, toa kishika uchumba, mwache dukani wiki moja, kisha urudi. Maduka ya mtaani huwa rahisi kukubali hili kwa kuwa mwenye duka ndiye anayekuhudumia na anataka urudi tena. Kwenye duka kubwa utamkuta mhudumu asiye na mamlaka ya kuamua, atakayekwambia ama ulipe na uchukue, ama uache. Si duka lote kubwa liko hivyo, lakini hutokea vya kutosha kunifanya nilitilie maanani.

Muuzaji anayekuuliza maswali

Duka bora linakuhoji. Tangi lako lita ngapi? Limewekwa lini? Ndani kuna nani? Ukisema limewekwa jana, muuzaji mwaminifu atakuuzia kichujio na chakula, au hatakuuzia kitu, na atakwambia urudi baadaye. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitraiti kuwa naitreti isiyo na madhara makubwa, huchukua takribani wiki nne hadi sita kuenea vya kutosha kwenye tangi jipya. Muuzaji anayekupa kipande cha sponji kutoka kwenye kichujio chake kilichokomaa anakufupishia safari hiyo sana, mradi matangi yake hayana ugonjwa. Zawadi hiyo huipati kwa urahisi kwenye kaunta ya duka kubwa.

Muulize samaki huyu atakua kufikia wapi. Pleko wa kawaida, anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole kwa ajili ya "kusafisha tangi," hupita sentimita 30. Oska hufika sentimita 30 pia. Yule kambare wa Asia anayeitwa papa kwenye maduka mengi anaweza kuzidi mita moja. Goldifishi kwenye bakuli la mezani anadumazwa na maji machafu, wakati katika nafasi ya kutosha anaishi miaka kumi na zaidi. Ukisikia "anakua kulingana na ukubwa wa tangi," unaongea na mtu anayetaka tu kuuza. Na uliza jambo moja la ziada: akinizidi, mtampokea? Duka linalokubali kupokea samaki waliokua ni la thamani, kwani mahali pengine watu wanapowapeleka ni mtoni au bwawani, na samaki wa kigeni hawana kazi njema huko. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na furu wengi wa ziwa hilo hawaonekani tena.

Mfugaji wa nyumbani

Kwa gapi, plati, moli na beta, simwoni anayemshinda mfugaji mwema. Samaki wake wamezaliwa kwenye maji ya hapa, hawajawahi kupanda ndege, na unawaona wazazi wao kwa macho yako. Bei huwa nafuu. Anajua walizaliwa lini na wanakula nini.

Udhaifu wake uko kwenye damu. Anayezalisha kutoka jozi moja kwa vizazi vingi hupata samaki wenye migongo iliyopinda, mapezi pungufu na afya dhaifu. Tazama kundi zima, usitazame wale wachache waliochaguliwa wakawekwa kwenye chombo cha maonyesho. Muulize mara ya mwisho aliongeza damu mpya lini na aliitoa wapi. Tena hatakuuzia vifaa, wala hatakuwa na kila aina. Ukimtaka neoni tetra, atakurudisha dukani.

Siklidi wa maziwa yetu

Hapa ulinganisho unageuka. Samaki wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa wanatafutwa na wafugaji wa Ulaya na Marekani, na sisi tunao karibu. Tropheus, kwa mfano, ana maumbo mengi ya rangi, na kila moja linafungamana na kipande chake cha mwambao wenye miamba. Wa Ikola si wa Kigoma. Wakichanganywa kwenye tangi moja huzaana, na ndani ya kizazi kimoja hakuna tena anayejua ni nani. Muuzaji wa siklidi anayestahili pesa yako anakutajia ufuo ambako samaki au wazazi wake walitoka. Anayesema tu "hawa wa Tanganyika" huenda ameshawachanganya. Mbuna, siklidi wa miambani wa Nyasa, nao huchanganyika kirahisi vivyo hivyo.

Uliza pia chakula. Tropheus anakula miani inayoota kwenye miamba, na duka linalomlisha vyakula vya nyama nyingi kama goldifishi linamkaribishia ugonjwa wa kuvimba tumbo. Maji ya Tanganyika yana pH ya karibu 9, na kipimo cha duka kikisoma 7, samaki hao wanavumilia tu. Kwa siklidi nitamchagua mfugaji wao maalumu kwanza, kisha duka dogo linalowapenda, na duka kubwa liwe la mwisho.

Mtandaoni

Sitakaa sana hapa. Picha ya samaki si samaki. Ukilazimika, omba video ya leo akiwa anakula, na tangi zima lionekane. Kwa safari ya Dodoma au Arusha samaki aachishwe kula siku moja kabla, mfuko uwe na maji theluthi moja na hewa theluthi mbili, oksijeni ikiwezekana, na boksi liwe la kuzuia joto na mwanga. Kambare wenye miiba wafungwe mifuko miwili. Muuzaji asiyeyajua haya bila kukumbushwa hafai kutuma samaki popote.

Ningekushauri hivi

Kama unaanza na huna kitu, nenda duka kubwa kwa tangi, kichujio na vipimo, kwa kuwa vifaa vyake huwa na uchaguzi mpana na mara nyingine dhamana, kisha urudi nyumbani bila samaki. Tangi likikomaa, chukua gapi au plati kwa mfugaji. Wanaotaka tetra na samaki wengine wanaoagizwa nje watafute duka, kubwa au dogo, linalowatenga wageni, na wawe tayari kulipia zaidi kidogo kwa ajili ya hiyo wiki ya uangalizi. Wa Nairobi na nyanda za juu waangalie hita kwenye kila tangi la samaki wa joto na wasome kipimajoto: nyuzi 24 hadi 26 ni sawa kwa wengi wao. Kwa Dar hita si hoja kubwa, tazama mapovu ya hewa.

Bei isiamue peke yake. Tofauti ya bei kati ya duka moja na jingine kwa gapi watatu ni ndogo kuliko chupa ya dawa ya madoa meupe.

Na hata ukinunua kwenye duka lililofaulu kila kipimo, mpe mgeni tangi lake la pembeni wiki mbili hadi nne kabla ya kumchanganya na wenzake. Uache mfuko uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20, ongeza maji ya tangi lako humo kidogo kidogo, kisha mwinue samaki kwa kijavu. Maji ya dukani yamwage nje, yasiingie kwenye tangi lako hata tone.